Nimemwibia Nani?

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikuwa nimeketi sebuleni nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Pembeni yangu alikuwapo mwanangu wa kiume, ambaye ameanza kidato cha kwanza mwaka huu, kwenye kompyuta ya zamani niliyomwachia baada ya kununua nyingine. Alikuwa akicheza gemu iitwayo Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, kabla yeye hajazaliwa, na ambayo kwa haki haikutungiwa watoto wa umri wake. Hilo ni kosa langu la kwanza katika makala hii. Yapo mengine.

Nilimwona akibonyeza kwa haraka herufi saba: H, E, S, O, Y, A, M. Mara mtu wake, aliyekuwa karibu kufa kwa risasi, akawa mzima kabisa, amevaa fulana ya kuzuia risasi, na mfukoni ameongezewa dola 250,000. Nikamuuliza amefanya nini. Akanieleza, kwa subira ile ambayo watoto huitumia wanapowafundisha wazazi wao mambo mepesi, kwamba hiyo ni "chiti", na kwamba zipo nyingi, na kwamba kila mtu darasani kwao anazijua.

Nikaiweka kalamu nyekundu chini. Nikamwambia kwamba huo ni udanganyifu, na kwamba katika nyumba hii hatudanganyi, hata mchezoni.

Akageuka akanitazama. Hakuwa na jeuri. Ni mtoto mwenye adabu. Akauliza tu: "Baba, nimemwibia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aizime kompyuta akasome, jambo ambalo wazazi na serikali hulifanya pindi hoja inapowaishia. Lakini swali lake halikuzimika. Wiki moja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeitwa mbele ya kamati kutoa maelezo kuhusu mwanafunzi aliyekamatwa na vikaratasi katika chumba cha mtihani wa somo langu. Nilitoka katika kikao kile nikiamini kwamba najua vizuri udanganyifu ni nini. Ilichukua maneno matatu ya mtoto kunionyesha kwamba sijui.

Naomba basi, ndugu msomaji, tulichukue swali hili kwa uzito wake. Usilidharau kwa kuwa ni la gemu. Mtoto hujifunza maana ya sheria mchezoni muda mrefu kabla hajakutana na katiba.

Nianze na upande wa mwanangu, kwa kuwa una nguvu kuliko nilivyodhani.

Chiti nyingi hazikuletwa na wezi. Zimewekwa na watunzi wenyewe. Mashuhuri kuliko zote ilizaliwa Japani mwaka 1986, wakati mtaalamu mmoja wa kampuni ya Konami, Kazuhisa Hashimoto, alipokuwa akiiandaa gemu ya Gradius ichezwe kwenye mashine za nyumbani za Nintendo. Ilimpasa kuijaribu tangu mwanzo hadi mwisho, naye aliiona ngumu mno. Akajitengenezea njia ya mkato: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vitufe vya B na A. Njia hiyo ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe kazini, lakini gemu ikatoka kiwandani nayo ikiwa bado imo ndani. Wachezaji wakaigundua, na kampuni, badala ya kuificha, ikaiweka katika gemu nyingine nyingi. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na watu wazima duniani kote wakamwombolezea kwa kuandika vitufe vile vile. Gemu ya Doom ya mwaka 1993 nayo ilikuwa na herufi tano zilizomfanya mchezaji asidhurike kwa lolote. Na hiyo San Andreas ya mwanangu, ukiandika herufi zile saba, mchezo wenyewe hukutangazia kwenye kioo kwamba chiti imewashwa.

Sasa, mtu akitumia mlango ambao mwenye nyumba ameujenga, ameuacha wazi na kuuwekea taa juu yake, tunaweza kumwita mvunja nyumba?

Swali hili liliwahi kufika mahakamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Galoob iliuza Marekani kifaa kilichoitwa Game Genie, ambacho ulikichomeka kati ya mashine ya Nintendo na kaseti ya gemu. Kifaa kile kilimwezesha mchezaji kujiongezea maisha au kuruka juu zaidi ya alivyokusudiwa. Nintendo ilishitaki, ikidai kwamba kifaa hicho kinatengeneza kazi mpya kutokana na kazi yake bila ruhusa. Ilishindwa, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo. Kaseti haikuguswa, mabadiliko yalikwisha pale mashine ilipozimwa, na mtu aliyeinunua gemu kwa fedha yake alikuwa na haki ya kujifurahisha nayo sebuleni kwake kwa namna aipendayo.

Hata bila mahakama za Marekani, jambo hili tunalijua. Babu yangu alikuwa na bao lake la kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64. Asubuhi, kabla wazee wenzake hawajafika barazani, alikuwa akicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Alikuwa akinamua, akitazama matokeo, kisha akizirudisha kete zote zilikotoka na kujaribu upya. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi wa kete. Lakini alasiri, barazani, mzee ambaye angerudisha kete moja tu kwa kificho angeaibika mtaa mzima. Ni bao lile lile, kete zile zile, na vidole vile vile. Kilichobadilika ni kwamba alasiri palikuwa na mtu wa pili aliyeketi mbele yake, na mtu huyo alikuwa ameamini.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitolea kwa hiari kushinda vikwazo visivyokuwa vya lazima. Nimelitafakari sana wazo hilo. Kama kikwazo nimejiwekea mwenyewe, naweza kujiondolea mwenyewe. Pengine nitaipoteza raha ya kushinda, kama mtu anayesoma ukurasa wa mwisho wa riwaya kabla ya wa kwanza, lakini hasara hiyo ni yangu. Kwa hiyo kwa swali la Jumamosi ile jibu la haki lilikuwa: "Hujamwibia mtu, mwanangu. Endelea." Nilimwonea.

Lakini hapo si mwisho wa hoja, kwa sababu nilipolala usiku ule nilikumbuka kibanda.

Nilikulia katika mji ambao katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na kibanda kimoja cha gemu, karibu na stendi ya mabasi. Kilikuwa na televisheni mbili na mashine mbili za kuiga zile za Kijapani. Malipo hayakuwa kwa saa. Yalikuwa kwa mchezo. Ulitoa sarafu yako, ukacheza hadi maisha yako matatu yakaisha, ukampisha mwingine. Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Contra, nayo ilikuwa ngumu kwelikweli. Mtoto wa kawaida hakumaliza dakika tano.

Siku moja kijana aliyetoka likizo Dar es Salaam alitufundisha, mimi na rafiki yangu, vile vitufe vya Hashimoto. Hatukujua jina la Hashimoto wala la Konami. Tulijua tu kwamba ukibonyeza hivyo kabla mchezo haujaanza, maisha matatu yanakuwa thelathini. Tuliapa tusimwambie mtu. Tangu siku ile sarafu moja ilitutosha mchana mzima.

Kwenye mashine hatukuvunja sheria yoyote. Mtunzi aliuacha mlango wazi nasi tukapita. Lakini nyuma yetu palikuwa na foleni. Namkumbuka mtoto mmoja mdogo, aliyekuwa amevaa kaptura ya shule, sarafu yake ameifumbata mkononi, amesimama nyuma yetu akitazama tunavyokufa bila kufa. Alisubiri hadi adhana ya magharibi. Kisha akaondoka na sarafu yake, kwa sababu kwao walifunga mlango giza likiingia. Kesho yake alirudi, nasi tulikuwa tumewahi kufika.

Mwenye kibanda hakuwa mjinga. Baada ya wiki mbili alihesabu mapato yake, akatutazama vidole, akaelewa. Hakutupiga wala kutufukuza. Aliandika kwa chaki kwenye mlango kwamba kuanzia leo malipo ni kwa dakika, akaning'iniza saa ya ukutani juu ya televisheni. Siku ile ile maisha yetu thelathini yakakosa madhara. Tuliendelea kuyatumia, na hakuna aliyejali, kwa kuwa muda ulipoisha uliinuka, uwe hai au umekufa.

Nimekaa katika semina nyingi za utawala bora, na nyingine nimelipwa posho kuzihudhuria, lakini sijawahi kuona mageuzi ya mfumo yaliyofanywa kwa busara kama yale ya chaki na saa ya ukutani. Yule bwana aligundua kwamba tatizo lake halikuwa vitufe bali ni namna alivyopima haki ya kukaa kwenye kiti. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na busara yake.

Sasa twende kwenye gemu za siku hizi, ambako mtu wa pili yupo karibu kila wakati, ingawa humwoni. Vijana hucheza kwa intaneti, mmoja Mwanza, mwingine Mombasa, mwingine Muscat. Humo chiti ni kitu kingine kabisa. Zipo programu zinazomlengea mchezaji shabaha ili risasi isikose, na zipo zinazomwezesha kumwona mwenzake nyuma ya ukuta. Hizi hazikuwekwa na mtunzi wala mchezo haukutangazii kwamba zimewashwa. Zinauzwa, na ubora wake hupimwa kwa jinsi zisivyogundulika.

Baadhi ya mataifa yamelichukulia jambo hili kuwa la jinai. Mwaka 2016 bunge la Korea Kusini lilirekebisha sheria ya tasnia ya gemu, na kutengeneza au kusambaza programu za aina hiyo kukawa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano au kumtoza faini ya hadi won milioni 50. Mwaka 2018 polisi wa China waliwakamata watu 15 walioshukiwa kutengeneza na kuuza chiti za gemu ya PUBG. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hizi walicheka. Jela kwa ajili ya gemu! Lakini katika nchi hizo gemu ni ajira, ni ligi zenye zawadi na watazamaji, ni biashara kubwa. Uaminifu ukitoweka, kiti kinabaki kitupu na biashara inakufa.

Hayo niliyaona nyumbani kwangu kwa kipimo kidogo. Mwanangu ana binamu yake, binti wa dada yangu, ambaye walikuwa wakicheza pamoja gemu ya mpira kwenye simu kila Ijumaa jioni. Binti yule alikuwa hodari na alimfunga mara kwa mara. Kisha mwanangu akapewa na rafiki yake programu iliyochezewa, yenye sarafu zisizokwisha, akajinunulia wachezaji bora wote. Akaanza kushinda, mabao matano, mabao sita. Binti hakugombana naye. Aliifuta tu gemu kwenye simu yake. Nilipompigia dada yangu kwa mambo mengine, binti akaomba simu, akanisalimu, "Shikamoo mjomba," kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hizi hachezi tena kwa sababu haina maana. Nilidhani amekua. Kumbe alikuwa amefanya kile ambacho raia hufanya wanapoacha kupiga kura.

Mwanahistoria wa Kiholanzi Johan Huizinga, katika Homo Ludens ya mwaka 1938, alitofautisha kati ya mdanganyifu na mvurugaji. Mdanganyifu hujifanya anauheshimu mchezo. Mvurugaji huupindua ubao na kuondoka. Alisema jamii humvumilia wa kwanza kuliko wa pili, kwa sababu wa kwanza hajauvunja ulimwengu wa mchezo. Maelezo yake ni ya kweli, na ndiyo yanayonitia hofu. Sisi tunamvumilia mdanganyifu, hata tunamsifu kwamba ni mjanja, ilhali ndiye anayewahitaji waaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye programu ya kuona nyuma ya ukuta hataki kila mtu awe nayo. Wote wakiwa nayo haina faida. Anataka sheria iendelee kuwepo, iwafunge wengine, imwache yeye. Yeye ni kupe. Kupe haombi ng'ombe afe, anaomba ng'ombe aendelee kula majani.

Hapa najua wanaharakati miongoni mwenu watanikatiza, na wana haki. Watauliza: vipi kama mchezo wenyewe ni dhuluma? Swali ni zito. Gemu nyingi za simu leo hutolewa bure, kisha kampuni zenyewe zinauza sarafu, silaha na wachezaji. Mtoto mwenye mzazi mwenye kadi ya benki ananunua ushindi dukani, kihalali. Mtoto asiye na kitu anapata ushindi ule ule kwa programu iliyochezewa, na yeye ndiye anayefungiwa akaunti. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu ni kamari. Kwa hiyo hata wenye mamlaka wameanza kuona kwamba mdanganyifu anaweza kuwa yule aliyeandika sheria.

Nilimuuliza mwanangu hilo. Akasema hakuwa na hela za kununua wachezaji, na binamu yake amecheza miaka miwili, hivyo angemfikiaje? Ni hoja ile ile ninayoisikia ofisini kwangu kila muhula: wenzetu wana kompyuta, wenzetu wana tuisheni, wenzetu wana kaka waliopita hapa, sisi tufanyeje?

Jibu langu ni hili, na nalitoa nikijua kwamba si jepesi. Sheria dhalimu inatupa haki ya kuikataa, haitupi haki ya kuidanganya. Kati ya mambo hayo mawili kuna umbali mkubwa. Anayegoma husimama mchana, hutaja jina lake, hutaka sheria ibadilike kwa wote, na yuko tayari kulipa gharama. Anayedanganya hufanya usiku, huficha mkono, na hupata hasara siku sheria itakapobadilika. Mwanangu angeweza kumwambia binamu yake, "Gemu hii inawapendelea wenye fedha, tuipate wote ile programu iliyochezewa," nao wangecheza sawa kwa sawa na kucheka. Pale kampuni ingelalamika, pengine kwa haki, lakini binti wa watu asingekuwa ameibiwa Ijumaa zake. Alichochagua ni kunyamaza na kushinda.

Ndiyo maana nchi yetu ililipa kwa maumivu mwaka 2017, serikali ilipotangaza majina ya watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wengi wetu tuliwajua baadhi yao. Walikuwa majirani, wengine wachapakazi kweli, waliotibu na kufundisha kwa miaka mingi. Tuliwahurumia, na huruma ile haikuwa mbaya. Lakini nyuma ya kila cheti kile alikuwapo mtu mwenye kaptura ya shule, amefumbata sarafu yake halali, aliyesubiri foleni hadi giza likaingia akarudi nyumbani. Huyo hakutangazwa, wala hatujui jina lake. Mwathirika wa udanganyifu mara nyingi hajui hata kwamba ameibiwa. Anadhani tu kwamba hakuwa na bahati.

Ningeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa safi, nami ningebaki mwalimu mwema. Lakini nilisema yapo makosa mengine.

Yule kijana wa vikaratasi alikuwa mpole. Nabadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike. Alikuwa akifanya kazi ya usiku ili kujilipia ada, na hakukana lolote. Kamati ilinitaka nijibu swali moja: je, yaliyomo katika vikaratasi yanahusiana na mtihani? Nilisema ndiyo, yanahusiana moja kwa moja. Kimoja kinajibu swali la nne karibu neno kwa neno. Wakanishukuru. Kijana akafukuzwa masomo.

Jumamosi ile, baada ya mwanangu kwenda chumbani, nilirudi kwenye rundo langu. Nikasahihisha swali la nne katika daftari moja, kisha la pili, kisha la tatu. Swali lilihusu sera za baada ya uhuru. Katika daftari la tatu nilikuta imeandikwa kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Julai 1967. Lilitangazwa Februari. Nikatia alama nyekundu. Daftari la saba, Julai. La tisa, Julai. Nilipomaliza nilikuwa nimehesabu madaftari kumi na tisa yenye Julai ile ile, na aya zinazofuatana kwa mpangilio ule ule. Hawakuangaliziana, walikaa mbali mbali. Walikuwa wamekariri jibu moja la zamani lililoandikwa na mtu fulani miaka iliyopita, likiwa na kosa lake, na likarithiwa bwenini kama urithi wa ukoo.

Waliwezaje kujua kwamba swali hilo litatoka? Kwa sababu hutoka kila mwaka. Nimelitunga mara moja, nikalirudia miaka minne mfululizo nikibadilisha maneno mawili matatu, kwa uvivu ambao nimeuita wingi wa kazi. Kama Hashimoto, nilijitengenezea njia ya mkato ya kunirahisishia kazi yangu mwenyewe, nikaisahau ndani ya mchezo. Wenye marafiki na kaka waliotangulia waliipata. Wasio na mtu, kama yule kijana anayelinda mageti usiku na hajui mtu bwenini, walipata fununu mwishoni kabisa, wakakosa muda wa kukariri, wakaandika kwenye karatasi.

Kumi na tisa walibeba jibu langu kichwani, nao watapata alama. Mmoja alilibeba mfukoni, naye yuko nyumbani kwao. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Kanuni ya chumba cha mtihani aliijua, na aliivunja kwa kificho. Ningeulizwa leo kama alidanganya, ningesema alidanganya. Lakini kamati iliponiuliza kuhusu swali la nne, nilijua kwamba ni swali la miaka minne, nami sikulisema. Nililijibu swali lililoulizwa, nikauficha mkono wangu, nikaiacha sheria imfunge mwingine. Kwa kipimo nilichokiandika aya chache zilizopita, najua jina la mtu wa namna hiyo.

Kesho yake, Jumapili, nilimwita mwanangu. Nilimwambia kwamba katika San Andreas hakumwibia mtu na kwamba niliteleza kumkemea. Kisha nikamuuliza kuhusu Ijumaa za binamu yake, akanyamaza muda mrefu. Nikampa kipimo ambacho nadhani kinafaa kwa gemu na kwa mengine: kabla hujabonyeza, tazama kama kuna mtu mwingine kwenye kiti au kwenye foleni, na ujiulize kama ungeweza kubonyeza huku anakutazama. Akasema, "Sasa nimwambieje?" Nikamwambia amwambie ukweli kwanza, mengine yatafuata. Alimpigia jioni. Sikusikiliza mazungumzo yao. Ninachojua ni kwamba bado hawajarudi kucheza, na kwamba binti alisema atafikiria.

Nami nilikuwa na simu yangu ya kupiga. Jumatatu niliiandikia kamati barua, kurasa mbili, nikieleza historia ya swali la nne kwa miaka minne, nikiambatanisha mitihani yote, na nikiomba shauri la kijana yule litazamwe upya, si ili aonekane hana hatia, bali ili adhabu ipimwe kwa ukweli wote. Mtihani wa muhula ujao nimeutunga upya kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na ile ya zamani nimeibandika yote kwenye ubao wa matangazo wa idara, pamoja na mwezi sahihi wa Azimio la Arusha, ili asiye na kaka asome sawa na mwenye kaka. Hiyo ndiyo chaki yangu na saa yangu ya ukutani, imechelewa miaka minne.

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Jibu bado sijapata.